Tunachimba Dhahabu, Hatuchimbi Choo

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, iwe ni Nyarugusu, iwe ni Rwamgasa, au pengine popote ambapo habari za mwamba mpya zimewakusanya watu, kitu cha kwanza kitakachomshangaza ni mashimo. Wenyewe huyaita maduara. Mengine yamezama makumi ya mita ardhini, kingo zake zimeshikizwa kwa magogo zisiporomoke, na vijana huteremka humo kwa kamba, taa kichwani, nyundo na tindo mkononi, wakiufuata mwamba ambao hawajui kama una kitu au hauna. Ni kazi ya jasho na ya hatari, na mtu anayeifanya hawezi kuitwa mvivu.

Sasa mgeni huyo, akishakwisha kuyastaajabia mashimo ya dhahabu, na aulizie shimo jingine, dogo tu, la mita tatu hivi. Aulize choo kiko wapi. Katika kambi nyingi ataonyeshwa kichaka kilicho nyuma ya vibanda, au lundo la vifusi ambalo watu hulizunguka alfajiri kabla hakujapambazuka. Na hatua chache kutoka hapo, kwenye tope la maji yanayotoka mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, atawaona watoto wadogo wakicheza pekupeku na kufinyanga vijungu vya udongo, huku mama zao wakiponda mawe au wakiwapikia wachimbaji.

Makala haya yanawahusu watoto hao, hasa wale wa umri wa mwaka mmoja mpaka mitano ambao bado hawajafika shuleni. Yanawahusu pia wazazi wa Kahama, wa Shinyanga mjini, wa Katoro na wa miji mingine, kwa kuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na choo kimoja kilichojaa haipishani sana na kambi ya machimbo. Swali letu ni moja. Kwa nini mtoto aliyepewa dawa ya minyoo mwezi wa Juni hurudi kliniki mwezi wa Desemba akiwa na minyoo ile ile?

WAGENI WATATU WA TUMBONI

Hatuna budi kwanza kumfahamu adui. Minyoo inayoenezwa kwa udongo, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa imo katika miili ya watu wapatao bilioni 1.5 ulimwenguni, ni ya aina tatu kubwa.

Ya kwanza ni mchango, yule mnyoo wa mviringo ambaye mama wengi wamewahi kumwona katika kinyesi cha mtoto. Ana urefu wa sentimita 15 hadi 35, na jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Yakianguka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli hukomaa baada ya majuma mawili au matatu, na baadaye yanaweza kukaa hai kwa miaka. Mtoto huyameza kwa kidole kichafu, kwa embe lililookotwa chini, au kwa udongo wenyewe. Yakifika tumboni huanguliwa, na viluwiluwi vyake hutoboa utumbo, hupita kwenye ini na mapafu, hupanda kooni na kumezwa tena. Ndiyo maana mtoto mwenye mchango mara nyingine huanza kwa kukohoa kabla tumbo halijamsumbua.

Ya pili ni mijeledi, minyoo myembamba ya sentimita nne hivi ambayo hujichimbia katika utumbo mpana. Ikiwa mingi humletea mtoto kuhara damu na kudumaa, na mara nyingine sehemu ya utumbo hutokeza nje anapojikamua kwenda haja.

Ya tatu ni safura. Huyu ni mdogo kuliko wote, hazidi sana sentimita moja, lakini ndiye mwenye madhara makubwa katika habari tunayoieleza. Hang'ang'anii chakula kilichomo tumboni, bali huung'ata utumbo na kunywa damu. Tena safura hamezwi kwa kawaida. Mayai yake huanguliwa udongoni baada ya siku moja au mbili, na katika muda wa siku tano hadi kumi kiluwiluwi huwa tayari kupenya ngozi ya mtu, hasa ya unyayo na ya vidole vya miguu. Tafiti nyingi zilizofanywa katika Kanda ya Ziwa zimeikuta safura ikiwa imeenea kupita ile mingine miwili.

Wako wageni wengine wanaokaribia hawa. Katika vijiji vya Geita vilivyo kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo, ambacho hupenya ngozi ya mtoto anayeoga au kuogeshwa kwa maji yenye konokono wa kichocho. Kila mahali penye maji machafu kuna amiba na jiadia, vijidudu vidogo vinavyoleta kuhara. Tumevitaja kwa sababu moja: kidonge kimoja cha dawa ya minyoo hakiviui vyote hivyo. Mtoto anayeendelea kuhara baada ya kupewa dawa ya minyoo apelekwe zahanati akapimwe kinyesi, asinunuliwe kidonge cha pili dukani kwa kubahatisha.

SAFURA NA MACHIMBO NI MARAFIKI WA ZAMANI

Uhusiano wa safura na watu wanaochimba ardhi si jambo jipya. Mnamo mwaka 1880, wafanyakazi waliokuwa wakitoboa njia ya reli chini ya mlima Gotthard, nchini Uswisi, walianza kudhoofika kwa wingi. Walipauka, wakaishiwa pumzi, wakashindwa kuinua sururu. Mabingwa wa Italia, mmoja wao Edoardo Perroncito wa Turin, walipochunguza walikuta matumbo ya watu hao yamejaa safura. Handaki lilikuwa na joto na unyevu, giza tupu, na hapakuwa na choo. Kila aliyejisaidia pembeni alimpandia mwenzake minyoo.

Jinsi safura anavyoingia mwilini iligunduliwa kwa ajali. Katika miaka ya 1890, mtaalamu wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo, Arthur Looss, alijimwagia mkononi maji yenye viluwiluwi vya safura. Ngozi ilimwasha. Baada ya majuma kadhaa alipopima kinyesi chake mwenyewe aliyakuta mayai ya safura. Hivyo ulimwengu ukajua kwamba unyayo mtupu ni mlango.

Msomaji wa Geita au wa machimbo ya Mwakitolyo, wilayani Shinyanga, hatahitaji kuelezwa zaidi. Duara lina joto, lina unyevu, lina giza. Mchimbaji anayeshinda chini kwa saa nyingi hapandi juu kwa ajili ya haja. Udongo unaotolewa humo hupakiwa kwenye viroba, hurundikwa karibu na vibanda, hupondwa na kuoshwa, na watoto huchezea mabaki yake.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wengi wetu hatulifahamu. Mchango na mijeledi huwapata watoto kwa wingi kuliko watu wazima. Safura hufuata njia nyingine: huongezeka kadiri umri unavyozidi, na aghalabu mzigo mkubwa huwa katika matumbo ya watu wazima. Kwa maneno mengine, katika familia ya mchimbaji mtoto ndiye anayemwambukiza mdogo wake mchango, lakini safura anayemnyonya mtoto huyo damu yaelekea ametoka kwa watu wazima, akiwamo baba yake. Baba ni mzima, ana nguvu, anakula vizuri siku akipata, wala hajioni mgonjwa. Hapelekwi kliniki, hapewi kidonge shuleni, na hakuna anayemwuliza alijisaidia wapi.

HESABU YA DAMU

Wapo wazazi wanaosema kwamba kila mtoto ana mchango wake, kwamba minyoo huzaliwa na mtu, na kwamba kuiondoa yote ni kumwondolea mtoto nguvu za kusaga chakula. Maneno hayo tumeyarithi, wala hatuna haja ya kuwacheka waliotuachia. Lakini hesabu inayakataa.

Safura mmoja wa aina iliyo ya kawaida katika Afrika humpotezea mtu damu kiasi cha sehemu tatu za mia za mililita kwa siku. Ni tone dogo lisiloonekana. Tuseme mtoto wa kilo 13 anao safura 100. Kwa siku atapoteza mililita 3, na kwa mwezi mililita 90. Mtoto wa uzito huo ana damu ipatayo lita moja tu mwilini. Kwa hiyo katika mwezi mmoja anapoteza karibu sehemu ya kumi ya damu yake, tena polepole, bila jeraha, bila kulia. Mwili hujitahidi kutengeneza nyingine, lakini damu hutengenezwa kwa madini ya chuma, na mtoto anayelishwa uji mtupu na ugali wa muhogo mchana na jioni hana akiba hiyo. Malaria nayo ikipiga hodi, kama inavyofanya sana katika ukanda huu, hukuta ghala tupu.

Dalili zake mzazi anaweza kuziona akiangalia. Mtoto hupauka viganja, ulimi na upande wa ndani wa kope za chini. Huchoka upesi, hupenda kulala na kukaa kivulini wenzake wakikimbia. Hukosa hamu ya chakula, na wengine hupenda kula udongo, jambo ambalo humwongezea mayai ya mchango. Tumbo huvimba na miguu hubaki myembamba. Mchango ukiwa mwingi sana unaweza kusokotana na kuziba utumbo. Mtoto mwenye tumbo gumu lililojaa, anayetapika na kushindwa kupata haja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri mitishamba wala kungojea kupambazuke.

Je, kumtibu mtoto mdogo kunasaidia? Ushahidi tunao hapa hapa Tanzania. Huko Pemba, kisiwa kilichosumbuliwa na minyoo kwa miaka mingi, watafiti waliwapa watoto wadogo mebendazoli kila baada ya miezi mitatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa watoto waliopata dawa hiyo walikuwa na hamu nzuri zaidi ya kula, na wale wadogo zaidi miongoni mwao walipungua kukonda. Wataalamu wa nchi mbalimbali bado wanabishana kuhusu kiasi gani ugawaji wa dawa kwa watoto wote, wenye minyoo na wasio nayo, hubadili ukuaji na masomo. Lakini hakuna anayebisha kwamba mtoto mwenye minyoo anastahili kutibiwa.

KIDONGE NA MIPAKA YAKE

Nchini mwetu watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano hupewa dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, pamoja na matone ya vitamini A ambayo huanza kutolewa mtoto akiwa na miezi sita. Walio katika shule za msingi hupewa zao shuleni, na katika sehemu zenye kichocho huongezewa prazikwanteli. Kwa watoto wadogo sana prazikwanteli ilikuwa tatizo, maana vidonge vyake ni vikubwa na vichungu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha ubora wa vidonge vilivyotengenezwa mahsusi kwa watoto wasiofikia umri wa kwenda shule, na hiyo ni habari njema kwa vijiji vya ziwani.

Mzazi anayempeleka mtoto kupata dawa ya minyoo azingatie mambo machache. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajatimiza miwili hupewa nusu ya kidonge cha albendazoli, yaani miligramu 200. Aliyetimiza miaka miwili hupewa kizima cha miligramu 400. Kwa mtoto mdogo kidonge husagwa na kuchanganywa na maji. Mtoto anayelia na kupigana asishikwe puani wala kulazwa chali akamiminiwe dawa kwa nguvu, kwani anaweza kupaliwa na kupoteza maisha. Atulizwe kwanza. Mama mjamzito naye asimeze dawa ya minyoo katika miezi mitatu ya mwanzo, na baada ya hapo aimeze kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Baada ya hayo yote, hebu turudi kwenye swali letu la mwanzo. Mnamo mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali kuhusu yale yanayotokea baada ya watu kutibiwa minyoo. Ilionekana kwamba, baada ya miezi 12, mchango ulikuwa umerudi kufikia asilimia 94 ya kiwango kilichokuwapo kabla ya dawa. Mijeledi ilirudi kufikia asilimia 82, na safura asilimia 57. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake. Ilikuwa imewatoa minyoo matumboni, lakini haikugusa mayai yaliyobaki uani, wala haikumzuia mtu yeyote kuongeza mengine kesho yake.

Jirani zetu wa Kwale, pwani ya Kenya, wametupa somo la pili. Huko ulifanyika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2019, ukilinganisha njia mbalimbali za kugawa dawa. Mahali ambapo watoto peke yao walipewa dawa mara moja kwa mwaka, idadi ya watu wenye safura ilishuka katika miaka miwili kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Mahali ambapo kila mtu kijijini, pamoja na baba na bibi, alipewa dawa mara mbili kwa mwaka, ilishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Maana yake ni dhahiri. Ukimtibu mtoto ukamwacha baba, safura amebaki nyumbani.

KINYESI CHA MTOTO SI MAZIWA

Kuna desturi moja ambayo ni lazima tuisemee wazi, wazazi wenzangu, hata kama kuisema mezani ni aibu. Wengi wetu tunaona kinyesi cha mtoto mdogo kuwa si uchafu wa kweli. Mtoto akijisaidia uani, huachiwa mbwa na kuku, au hufagiliwa pembeni, au nepi husuuzwa na maji yake kumwagwa chini ya mgomba. Mama huyo huyo hawezi kuvumilia kinyesi cha mtu mzima mlangoni pake.

Lakini mchango na mijeledi makao yake makuu ni kwa watoto. Mtoto mwenye michango kumi ya kike huacha uani mayai milioni mbili kila siku. Kuku akipekua, mvua ikinyesha, ufagio ukipita, mayai husambaa mpaka mahali ambapo mdogo wake anajifunza kutambaa. Kwa hiyo choo cha familia, hata kiwe kizuri namna gani, hakijaanza kazi mpaka kinyesi cha mtoto nacho kimetiwa humo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kufundishwa kukaa kwenye poti, na asiyekuwa na poti ana kopo la zamani. Yaliyomo humwagwa chooni, si jalalani. Maji ya kufulia nepi nayo yamwagwe chooni.

Baada ya hapo ni mikono. Kibuyu chirizi kando ya choo, kipande cha sabuni au jivu la jikoni, na mazoea. Kucha za mtoto zikatwe. Matunda yaoshwe kwa maji safi. Mtoto avikwe kandambili anapokwenda nje, na baba avue buti zake za machimboni kabla ya kuingia mahali watoto wanapolala. Maji ya kunywa yachemshwe, si kwa ajili ya safura, bali kwa ajili ya amiba na wenzake. Na katika sahani ya mtoto, pamoja na ugali, pawe na dagaa, maharage na mboga za majani, ili damu iliyopotea ipate kurudi.

TULIWEZA MWAKA 1973

Wapo watakaosema kwamba kuwahimiza watu wazima wachimbe vyoo ni kazi bure. Historia yetu inawajibu. Mwaka 1973, kwa muda wa majuma kumi na mawili, Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, chini ya miembe, mashuleni na maofisini, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasomewa vijitabu, wakajadiliana na kisha wakatoka kwenda kutenda waliyokubaliana. Safura, kichocho na kuhara damu vilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyozungumzwa. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi, na kina mama na kina baba ambao hawakujua kusoma walijua safura anapitia wapi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, taifa lilianzisha kampeni nyingine ya usafi iliyojulikana kwa wito wa Nyumba ni Choo, na wito huo ulisikika mpaka vijijini.

Siri ya mwaka 1973 ilikuwa kwamba watu walizungumza wao kwa wao, tena waliona kuwa jambo hilo ni lao. Watu wa Shinyanga hawashindwi na hilo. Ni wao ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia Kahama na jirani zake, walijiunga katika sungusungu kuwakabili wezi wa ng'ombe. Si lazima safari hii mtu apigwe wala atozwe kwa mabavu. Lakini jamii inayoweza kukesha ikilinda zizi inaweza pia kukubaliana kwamba duara halianzi kuchimbwa kabla choo cha wachimbaji hakijachimbwa.

ARDHI YA MWAMBA, ARDHI YA MBUGA

Tukiri kwamba ziko sababu za kweli zinazowazuia watu. Katika sehemu nyingi za Geita mwamba uko karibu na uso wa ardhi, na shimo la choo ni ghali kulichimba. Mbuga za Shinyanga zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kujaa maji masika, na shimo lisilojengewa kingo huporomoka mvua za kwanza. Kambi ya machimbo nayo ni ya muda. Leo watu wako hapa, kesho wamesikia habari za dhahabu kwingine, wamekunja maturubai na kuondoka. Nani atajenga choo mahali ambapo hajui kama atalala mwezi ujao?

Majibu yapo. Kwenye mwamba, choo huinuliwa juu ya ardhi kwa matofali au mawe, na shimo lake likawa fupi. Kwenye mbuga, kingo za shimo hujengewa kwa matofali ya kuchoma, na udongo hukusanywa kuzunguka mdomo wake ili maji ya mvua yasiingie. Sakafu laini ya saruji yenye tundu dogo na mfuniko huoshwa kwa kopo moja la maji na humwezesha hata mtoto kusimama bila kuogopa kutumbukia. Popote kinapojengwa, choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Shinyanga na Kahama zimepata ahueni ya maji tangu mradi wa kuyaleta kutoka Ziwa Victoria, yanayovutwa Ihelele wilayani Misungwi, ulipozinduliwa mwaka 2009. Bomba likiwa karibu, kisingizio cha kutonawa mikono kimepungua nguvu.

Kuhusu kambi za muda, jambo la kuamua ni nani anayebeba jukumu. Mchimbaji wa kibarua hawezi kujenga choo peke yake mahali pasipo pake. Mwenye duara, mwenye leseni na mwenye mahali pa kuoshea dhahabu ndio wanaobaki na faida, na ndio wanaopaswa kuhesabu choo kuwa sehemu ya gharama za kazi, kama wanavyohesabu magogo, kamba na pampu ya maji. Vivyo hivyo kwa mwenye nyumba za kupangisha mjini. Anayepokea kodi ya vyumba kumi hawezi kuwaambia wapangaji wake wajitafutie kichaka.

Tena ipo faida ambayo hata mtu asiyejali afya ya watoto wa wenzake ataielewa. Safura aliyewaangusha wafanyakazi wa Gotthard ndiye anayemfanya mchimbaji wa leo ahisi kizunguzungu akipanda ngazi ya duara, akadhani ni uchovu tu. Mwenye duara anayechimba choo analinda nguvu za watu wake.

Ndugu msomaji, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba usikose kumpeleka mtoto wako akapate dawa. Ni haki yake, na haina malipo. Ukirudi nyumbani na kadi mkononi, zunguka nyuma ya nyumba yako, au nyuma ya kibanda chako machimboni, uangalie mahali mtoto huyo atakapocheza jioni ile. Kama hapo hapana choo, dawa aliyomeza asubuhi imempa muda tu. Na kwa kuchimba mashimo, hakuna watu nchini wanaowashinda wachimbaji wa Geita na Shinyanga. Sururu wanazo, na mikono wanayo. Siku tatu za kazi zilizotolewa kwenye duara zinatosha kumchimbia mtoto shimo ambalo halitatoa hata gramu moja ya dhahabu, lakini litambakizia damu yake mwilini.